Mikrobe za Mama Pétronille

Mwaka ule wa vita, katika mtaa wa Bigo pale Bunia, hapakuwa na mtu mwenye sauti kubwa kumpita Pétronille. Si kwamba Mungu alimpa koo la ajabu. Shirika lilimpa megafone. Asubuhi ukisikia kitu kinakwaruza hewani, halafu "Alo, alo, wamama wa Bigo!", ujue amefika kwenye robine, bomba la maji la mtaa, na kama hujanawa mikono, rudi nyumbani upesi kabla jicho lake halijakuangukia.

Kipindupindu kilikuwa kimeingia mjini pamoja na sisi wote tuliokimbia vijiji. Shirika moja likaleta tangi kubwa la maji, likatia dawa ndani, kisha likatafuta animatrice wa usafi, mtu wa kusema na watu. Wengi waliomba kazi ile. Waliulizwa swali moja: mtu akikataa kunawa, utamfanya nini? Wenzake walijibu kwa upole, kwamba watamshauri, watamwelimisha. Pétronille alijibu, "Nitamunawisha mwenyewe." Akaanza kazi siku ileile.

Adui yake alikuwa mmoja tu, na jina lake ni mikrobe, vijidudu vya magonjwa. "Mikrobe iko mu kucha! Mikrobe iko mu kikombe ya jirani! Haina huruma, weye pia usiihurumie!" Watu wa mtaa, ambao hata risasi haziwazuii kutania, wakamwita Mama Mikrobe. Jina hilo lilimkera mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. "Miye si mama yake," alikuwa akisema. "Miye ni muuaji wake!" Na kweli alikuwa muuaji. Vyumba vyake viwili, ndani ya ua wa Katsuva, vilinukia javeli, dawa kali ya kuulia vijidudu, kama hospitali. Meza, vikombe, kizingiti, hata fimbo ya mama yake, vyote vilipitiwa na kitambaa chenye javeli kila siku. Kuku walikuwa wanakwepa mlango huo.

Katsuva mwenye ua alitoka Butembo, na duka lake la mbele liliuza sabuni, chumvi na betri. Alimheshimu sana mpangaji wake. Pétronille akipiga kelele asubuhi, sabuni inatoka mchana. Mapatano gani mazuri kuliko hayo?

Lakini usidhani maisha yalikuwa kicheko tu. Pétronille alifika Bunia kutoka Djugu kwa miguu, pamoja na mama yake, Léontine, na nyuma yao moshi. Na hapo Bigo penyewe, asubuhi moja ya mwezi wa tano, mwaka 2003, watu wenye bunduki waliingia nyumba ya tatu kutoka kwao, kwa Priscille muuza nyanya. Mtaa wote ulimsikia Priscille akilia, "Musituue! Musituue!" Hakuna aliyetoka. Pétronille alilala chini ya kitanda, amemkumbatia mama yake, na mama yake amekumbatia kopo. Priscille hakuuawa, ashukuriwe Mungu, ila mume wake alipigwa na nyumba ikafagiliwa mpaka sahani ya mwisho. Kesho yake alirudi kuuza nyanya. Hakumlaumu mtu. Hiyo ndiyo ilimuuma Pétronille zaidi, kwamba kila siku pale kwenye robine Priscille anamsalimu, "Umeamka, mama Pétro?", na yeye anaitikia huku anaangalia chini.

Sasa niseme habari ya kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, lenye kifuniko, na ndani yake mbegu za mahindi. Siku ya kukimbia, Léontine aliacha mbuzi, aliacha sufuria, aliacha kikwembe, kitenge chake cha harusi, kinaning'inia kwenye kamba. Kopo alilibeba. Yalikuwa mahindi mafupi, punje nyeupe zenye madoa mekundu, matamu hata bila chumvi. Aliyapata kwa mama yake, ambaye aliyapata kwa mama yake. Kule kwao msichana akiolewa alifungiwa mahindi mawili mazima kwenye ncha ya kikwembe, akapande kwa mumewe. Hayakuwa na jina. Nani atakipa jina kitu ambacho kila jirani anacho? Yaliitwa mahindi, basi. Sasa mashamba yale yalikuwa yameungua, ghala zimeungua, na Léontine aliuliza kila mtu aliyefika mjini kutoka upande wao, "Umebeba ile yenye madoa?" Wote walitikisa kichwa. Kwa hiyo yale mahindi ya kila mtu yakabaki ya mtu mmoja, ndani ya kopo.

Mwezi wa nane walipanda sehemu kubwa ya mbegu hizo katika kipande cha shamba nyuma ya ua, karibu na kijito. Zilitoka chache. Nazo, baada ya siku kadhaa, shina likawa jeusi pale linapogusa udongo, mche ukalala chini kama mlevi. Pétronille alifukua zile ambazo hazikuota kabisa. Alikuta punje laini, zimevikwa nyuzi nyeupe. Miche sita tu ilisimama. Mbuzi wa Katsuva akala mitano. Ule mmoja uliobaki ulizaa hindi dogo lenye mapengo, na Léontine alipopukuchua punje zake na kuzichanganya na zilizobaki koponi, alihesabu mia moja arobaini na tatu. Alihesabu mara tatu. Kisha akaweka kopo chini ya mto wake.

Hapo ndipo anaingia Félicien. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mpole mpaka kuudhi. Kabla ya vita alikuwa laborantin, fundi wa maabara, katika kituo cha utafiti wa kilimo. Kituo kiliporwa, darubini zikachukuliwa na watu ambao hata hawakujua wachungulie upande gani. Félicien alibaki na koti lake jeupe la kazi. Katsuva alimpa pa kulala katika stoo ya sabuni, na yeye akawa anatengeneza baiskeli pale uani, amevaa koti lilelile, anagusa mnyororo wenye grisi kwa ncha za vidole kama daktari.

Siku moja Pétronille alikuwa anailalamikia ardhi kwa sauti kubwa. Félicien akainua kichwa.

"Ile si laana, mama Pétro," akasema. "Ni ukungu. Iko mu udongo. Inakula mbegu mbele ya kuota, na ikishindwa, inakata shina."

"Basi tuitie javeli!"

"Udongo yote ya Bigo?"

"Niko na megafone. Nitaita watu wasaidie."

Félicien alikohoa. Alikuwa anatafuta njia ya kusema jambo, na alijua vizuri anasema na nani. "Ukungu iko na adui yake, mule mule mu udongo. Inaitwa bakteria. Ile nzuri inakaa ku muzizi, inashika nafasi ya kwanza, inatoa dawa yake yenyewe. Ukungu ikikuja inakuta mulango umefungwa. Kule kazini tulikuwa tunapakaza ku mbegu, na mahindi ilikuwa inasimama."

"Sasa hiyo bakteria ni kitu gani?"

"Ni... ni kama mikrobe."

"Kama?"

"Ni mikrobe, mama Pétro."

Wapi! Pétronille alisimama kwa ghadhabu mpaka kigoda kikaanguka. Yeye? Aweke mikrobe ndani ya nyumba yake, kwa hiari yake, yeye ambaye wamama wa mtaa mzima wanaficha kucha wakimwona? Alimwambia Félicien maneno ambayo sitayarudia hapa. Félicien aliyapokea yote, akarudi kwenye mnyororo wake.

Kumbe Léontine alikuwa ameketi mlangoni, anasikiliza. "Papa Félicien," akasema, "itaponyesha mahindi yangu?"

"Sijui, mama. Inaweza. Siwezi kukudanganya."

"Pétro, lete sufuria."

Na ukisikia Léontine anasema hivyo, unaleta sufuria.

Kazi yenyewe haikuwa na uchawi wowote. Félicien alikwenda pale ulipokuwa umesimama ule mche wa sita, ule ambao ukungu ulishindwa kuuangusha, akachota udongo uliokuwa umeshikana na mizizi. Akaongeza majani makavu, akaongeza maji yaliyochemshiwa maharage, akabandika sufuria kwenye mbabula ya makaa, ikachemka robo saa. "Wadhaifu wote wanakufa," alieleza, "na ukungu yenyewe inakufa. Lakini hawa wetu wako na namna ya kujifunga ndani ya ganda. Moto kidogo hauwaumizi. Maji ikipoa wanafungua ganda, wanakuta wako peke yao na chakula iko mingi." Siku ya tatu, alisema, utaona juu ya maji ngozi imetanda, imekunjamana, kama ya maziwa yaliyopoa. Hao ndio wao.

Siku ya tatu walifunua. Maji matupu. Félicien alilaumu majani. Wakachemsha upya, majani mengine. Siku ya tatu, maji matupu. Félicien alilaumu sufuria. Wakaazima sufuria ya mke wa Katsuva. Maji matupu, meupe, safi ajabu. Maskini, mtu yule alikaa chini, ameshika kichwa, akaanza kujiuliza kama vita vimemsahaulisha hata kazi yake.

Léontine aliinama, akanusa sufuria. Akainuka, akamtazama binti yake. "Pétro. Nani alienda hospitali?"

"Hospitali gani, mama?"

"Ile yenye iko mu hii sufuria."

Pétronille alianza kukunja ncha ya kikwembe chake. Ukweli ukatoka kidogokidogo. Kila sufuria ilipopoa, kabla ya kuifunika, alikuwa anatia kifuniko kimoja cha javeli. Hakutaka kuharibu, la hasha! "Nilisema kama ni lazima wakae mu nyumba yangu," alisema, na sauti ikawa ndogo kuliko siku zote, "basi wakae safi. Nilikuwa ninawaogesha."

Félicien aliinua kichwa kutoka mikononi. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kilichomtoka kilikuwa kimekaa ndani yake tangu kituo kiporwe. Alicheka mpaka koti likafunguka vifungo. Katsuva alitoka dukani kuuliza nani amepata bahati.

Mara ya nne Léontine ndiye aliyelinda sufuria. Aliketi kando yake na fimbo, na binti yake akikaribia anaonyeshwa fimbo. Siku ya tatu walipofunua kitambaa, ngozi ilikuwa pale: ya kijivu, imekunjamana, inanuka kama maharage yaliyosahauliwa. Pétronille alifunika pua kwa kikwembe. Léontine alipiga kigelegele.

Hawakuzigusa zile mia moja arobaini na tatu bado. Félicien alikuwa mtu wa kujaribu kwanza. Walinunua mahindi ya soko, wakajaza makopo udongo uleule mbaya wa kijitoni, wakapanda punje kumi zilizolowekwa kwenye maji ya sufuria, na kumi kavu. Katika zile kavu zilisimama nne. Katika zile zilizolowekwa, tisa. Wakarudia. Nne tena, na nane. Na hapo nikueleze jambo moja kuhusu Pétronille. Mwanzoni aliita ile sufuria "ile uchafu". Baadaye ikawa "ile kitu". Kufika mwezi wa pili, alikuwa anarudi kutoka robine na kuuliza mlangoni, "Wameamka?" Wao. Alikuwa anawasemea kama watu. Aliwapa maji ya maharage kabla yeye mwenyewe hajanywa chai, kisha akachukua megafone na kwenda kuwatukana ndugu zao hadharani.

Kazini hakumwambia mtu. Ungemwambia nani? Msimamizi wake, Honoré, alikuwa bwana aliyepiga pasi hata soksi, na alimpenda Pétronille kuliko maanimatrice wote.

Mvua za mwezi wa tatu zilipokaribia, mwaka 2004, Félicien aliangalia mawingu, akasema, "Tutapanda siku ya nne ya juma." Asubuhi hiyo Léontine alitoa kopo chini ya mto. Alihesabu tena punje zake, moja moja, akizidondosha kwenye sufuria, na kila moja ilipopasua ile ngozi alisema "enda" kwa sauti ndogo. Mia moja arobaini na tatu. Kopo likabaki tupu. Hakuna hata moja iliyobaki nje. Zingekaa mule mpaka alasiri, zikaushwe kivulini, zipandwe jioni ileile. Pétronille alifunika sufuria kwa kitambaa, akaisukuma pembeni chini ya meza, akaenda kazini.

Alirudi saa nne na nusu, megafone inaning'inia shingoni, na nyuma yake, bila kumpa hata dakika ya kupumua, likaingia gari la shirika. Honoré alishuka na wageni wawili wenye mabuti mapya. Alikuwa amepanga kumfurahisha.

"Mama Pétronille! Surprise! Wageni wanataka kuona nyumba ya mufano, nyumba safi kupita zote mu Bigo. Nikawaambia, munifuate!"

Ungeona uso wake! Alisimama mlangoni, amenyoosha mikono huku na huku kama golikipa. Aliwaonyesha ua. Aliwaonyesha choo, tena kwa kirefu. Aliwaonyesha kamba ya nguo. Lakini Honoré alijua nyumba ile, akapita chini ya kwapa lake, akaingia. "Na hapa, chers amis, munaona vikombe. Munaona javeli ku rafu, mahali mukono inafika haraka, vile anafundishaka. Na hapa..." Pua yake ikakunjamana. Aliinama. Akafunua kitambaa.

Ngozi ya kijivu, imekunjamana, inapumua viputo. Wageni walirudi nyuma hatua mbili. Honoré alikuwa mtu wa vitendo, na alikuwa amefundishwa na mwalimu bora. Mkono wake ulifika kwenye rafu haraka, kama ilivyokusudiwa. Alifungua chupa ya javeli. "Pardon, mama, hii ni hatari kabisa. Tunaua hawa mikrobe sasa hivi."

Léontine alikuwa amejilaza kwenye mkeka. Sijui mwanamke wa umri ule aliruka vipi. Alijitupa juu ya sufuria, kifua juu ya ngozi ile, mikono pande zote. Na Pétronille akapiga kelele. Alikuwa ameikamata megafone iliyoning'inia shingoni, kidole chake kikabonyeza kitufe, na kidole hicho hakikuachia.

"Musiwaue!"

Sauti ilitoka, ikapita juu ya mabati, ikafika mwisho wa Bigo.

"Musiwaue! Wako wazima! Ni wa mama yangu! Musiwaue!"

Mtaa ukakauka. Mwezi wa tatu, mwaka 2004, Bunia, sauti ya mwanamke inalia "musiwaue". Kila mtu alijua maana yake ni nini. Vyungu viliachwa motoni. Na Pétronille, alipoisikia sauti yake ikirudi kutoka kwenye kuta za jirani, alijua vizuri kitakachofuata. Watu watafunga milango. Wataingia chini ya vitanda. Yeye mwenyewe alifanya hivyo.

Miguu ikasikika. Wa kwanza kuingia uani alikuwa Priscille muuza nyanya. Hakuwa na viatu. Alikuwa ameshika kisu cha kukatia nyanya, kile kidogo, na alikuwa anatetemeka mwili mzima, na aliingia hivyohivyo anatetemeka. Nyuma yake Katsuva na nondo ya kufungia duka. Nyuma yake wamama wa robine na bidoni zao za maji, mwanamume mmoja aliyenyolewa nusu ya kidevu, mapovu bado yanamdondoka, dereva wa pikipiki na abiria wake, wanakwaya wawili na vijiti vya ngoma. Félicien alifika na pampu ya baiskeli. Ua ulijaa, watu wakawa wanasukumana getini. Hata gari la kofia za buluu za Umoja wa Mataifa lililokuwa linapita barabarani likasimama, askari wakaruka chini na kuuliza kwa Kifaransa kuna nini, na hakuna aliyeweza kuwaambia.

Honoré alitokea mlangoni, mikono yote miwili juu, chupa ya javeli katika mmoja.

"Wako wapi?" Katsuva alifoka. "Wale wanauawa, wako wapi?"

Pétronille alinyoosha kidole. Watu wakachungulia ndani. Wakamwona bibi mzima amekumbatia sufuria, na kifuani mwake ngozi ya kijivu imemganda.

"Mikrobe," Pétronille alisema. Na kwa kuwa kidole bado kilikuwa pale pale, Bigo nzima ilisikia. "Mikrobe yangu."

Halafu kicheko cha kwanza kilitoka chini, kwenye sufuria. Léontine. Tangu Djugu hakuwa amecheka. Alianza kama mtu anayekohoa, kisha akacheka mpaka akashindwa kuinuka. Basi! Ua mzima ukaanguka. Mwenye nusu ya ndevu alikaa chini. Wanakwaya walipiga vijiti vyao kwenye bidoni. Wageni wenye mabuti, ambao hawakuelewa chochote, walicheka kwa sababu walikuwa wameogopa kuliko wote. "Mama Mikrobe!" watu walipaaza sauti. "Mama Mikrobe amelia kilio ya watoto wake!" Félicien alimweleza Honoré na askari jambo zima, kwa Kifaransa cha maabara, na kwa mara ya kwanza tangu aporwe alisimama wima ndani ya koti lake.

Pétronille peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama Priscille, kile kisu kidogo, na miguu mitupu.

"Umekuja," alimwambia.

"Umeita," Priscille alijibu.

"Mwezi wa tano weye pia uliita. Nilikusikia, Priscille. Nilikusikia kila neno, na sikutoka."

"Najua. Hakuna mutu alitoka." Priscille alipangusa kisu kwenye kikwembe. "Njo maana leo nilikimbia. Nilijua vile inakuwaka, kuita na kuona milango."

Pétronille alimshika kwa mikono yote miwili na kulia, kwa sauti kubwa, bila megafone. Alikuwa na haya na furaha kwa wakati mmoja, na hakuficha hata moja. Priscille alimwacha alie. Kisha akamwambia aache, punje zinalowana kupita kiasi.

Hazikupotea. Zilihesabiwa upya, zote, moja ilitolewa kwenye blauzi ya Léontine. Na kwa vile watu walikuwa wamekwisha kuja, na kazi zao zimekwisha kuharibika, walibaki. Jioni, kabla ya mvua, karibu watu arobaini walisimama katika kipande kile kidogo cha shamba, wakapanda mbegu mia moja arobaini na tatu. Hazikufika hata nne kwa mtu. Honoré alivua soksi zake zilizopigwa pasi, akachimba mashimo. Pétronille alitaka wote wanawe kwanza.

"Na maji ya mvua ya mu pipa," Félicien alisema haraka. "Bila javeli!"

Miche mia moja ishirini na sita ilisimama. Ukungu ulichukua iliyochukua, mchwa wakala sehemu yao, na mbuzi wa Katsuva alifungwa kamba fupi. Mwezi wa saba mahindi yalikomaa, mafupi, yenye madoa mekundu, na Léontine alikaa katikati ya lundo akasema hatayafungia koponi tena. Alitaka kila aliyekimbilia uani siku ile apewe mahindi mawili mazima, yafungwe kwenye ncha ya kikwembe, kama kwa msichana anayeolewa. Wanaume wakasema wao hawana kikwembe. "Muazime," akasema. Katsuva alifungiwa ya kwake, mtaa mzima unapiga vigelegele, na akabeba kwa aibu mpaka dukani. Priscille alifungiwa wa kwanza. Wengine wakaja baadaye na vikombe mlangoni, wameshanawa mikono, wanaomba: "Mama Mikrobe, tupatie mikrobe kidogo." Aliitikia. Jina lile halikumkera tena.

Msimu uliofuata yalipandwa Bigo, yalipandwa ng'ambo ya kijito, na dereva wa pikipiki alipeleka punje zake kwa shangazi yake huko mbali, mji wa Niania. Mgeni mmoja alipomuuliza Priscille sokoni mahindi haya yenye madoa yanaitwaje, Priscille alishangaa, maana hakuna aliyemwambia jina. Alifikiri kidogo. "Musiwaue," akasema. Yakaitwa hivyo. Ukifika soko lile, utasikia: nipatie Musiwaue tano za kuchoma.

Léontine alichukua lile kopo tupu la maziwa, akaona linaweza kufaa kwa chumvi. Akampa binti yake aoshe. Pétronille alilishika, akasita, akatazama chupa kwenye rafu.

"Mama, nitie javeli?"

"Sasa tia," Léontine akasema. "Haina mutu ndani."